Pua Sita Dirishani

Jumatano, 1 Septemba 1937

Daftari hili nimepewa na mwenyekiti wa ushirika niandike joto la matangi asubuhi na jioni, basi. Mwaka jana niliandika joto na mambo mengine machache. Mwenyekiti akasoma, akaja ameshika daftari kwa vidole viwili. "Firmin, hapa umeandika mimi ni punda." Nikamwambia ni kweli, nimeandika. Mwaka huu joto nitaliandika ubaoni, na daftari nitalificha nyuma ya mapipa.

Kwa hiyo naandika nitakacho. Mimi ni Firmin Roumégas, msimamizi wa ghala la mvinyo la Montbrézac, miaka arobaini na saba, mgane. Nina pua. Najua kila mtu ana pua, lakini katika kijiji hiki mtu akilitaja neno hilo, wote hugeuka kunitazama mimi. Ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ya baba yake. Kwa pua hii nanusa tangi linaloelekea kuwa siki siku mbili kabla ya mwingine kuonja, na kwa ajili hiyo wananiheshimu mwezi wa tisa na wa kumi. Miezi mingine naitwa Birika. Jina hilo nilipewa na Cabrol, mwenye mkahawa, tulipokuwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo Cabrol hajapata wazo jingine.

Yote hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni hili: binti yangu Noélie ana miaka kumi na saba, pua ni ileile, na wao wanamwita Kibirika. Mtoto huyo amefaulu mtihani wa shule ya ualimu ya Carcassonne, amekuwa wa tatu katika wilaya nzima. Anatakiwa huko tarehe thelathini. Leo mezani, kati ya supu na jibini, amesema haendi.

"Huendi wapi?"

"Carcassonne."

"Kwa nini?"

"Basi tu, Baba."

Dada yangu Ursule, anayetutunzia nyumba na kutugombeza sote wawili, amenieleza baadaye kwa sauti ya chini. Siku ya mtihani wa mdomo wasichana waliokuwa wakisubiri kwenye korido walicheka Noélie alipopita, na mmoja akaifunika pua yake kwa kiganja. Leo joto lilifika nyuzi thelathini na tatu, na mtoto amejifunga skafu hadi mdomoni kama mgonjwa wa meno.

Ijumaa, 3 Septemba

Matangi yote kumi na mawili yameoshwa. La saba lina ufa mwembamba, nimeuziba. Noélie bado anasema haendi.

Jumapili, 5 Septemba

Baada ya misa meya alipanda kwenye ngazi za kanisa akasoma barua. Watu wa sinema kutoka Paris watakaa kwetu wiki tatu. Wiki tatu za mavuno! Nikapaza sauti: waje mwezi wa pili, wakati tunapokaa tukitazama mvua. Meya akasema sinema inahitaji jua. Nikasema na zabibu nazo zinahitaji jua. Watu wakaniambia ninyamaze.

Kisha meya akasimulia sinema yenyewe inahusu nini, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Ni sinema ya kuchekesha juu ya mpeleka barua mwenye pua kubwa, anayechekwa na kijiji kizima. Watu mia tatu wakageuza shingo kwa pamoja. Cabrol akauliza, "Na mwisho wake?" Meya akatazama barua. Mwisho wake yule mpeleka barua anapata mchumba, kwa sababu mchumba mwenyewe macho yake hayaoni vizuri.

Noélie alikuwa amesimama karibu na shangazi yake. Aliivuta skafu juu zaidi akarudi nyumbani peke yake.

Jumatatu, 6 Septemba

Mavuno yameanza. Malori ya sinema yameingia saa mbili asubuhi na kuziba njia ya mikokoteni. Zabibu zimekaa juani dakika arobaini zikisubiri waheshimiwa wateremshe taa zao.

Mwongozaji anaitwa Bwana Delorge, mtu mfupi mwenye viatu vya rangi mbili. Aliponiona mlangoni mwa ghala alisimama, akatengeneza dirisha kwa vidole vyake na kunichungulia.

"Usisogee! Bwana, umetoka wapi?"

"Ndani ya ghala."

Alinieleza anataka mtu wa kukaa kwenye kiti badala ya nyota wake wakati mafundi wanaelekeza taa, kwa sababu kivuli cha pua kubwa kinawasumbua. Nyota asichoke. Nikamwambia mimi nina matangi kumi na mawili na kivuli changu kina kazi. Akacheka, akafikiri natania.

Alhamisi, 9 Septemba

Niandike hili polepole, nisije nikaichana karatasi kwa hasira.

Maji ya zabibu yakichachuka hupanda joto. Likipita nyuzi thelathini na tano chachu inakufa, na mvinyo unabaki na sukari yake ukisubiri kuwa siki. Ndiyo maana kila asubuhi tunaletewa mabonge sita ya barafu kutoka Narbonne, tunayeyusha kwenye maji yanayopita katika mabomba ya kupozea. Leo yamefika manne.

"Mengine yako wapi?" nikamuuliza dereva.

"Yamechukuliwa na watu wa sinema. Meya karuhusu."

"Ya kunywea?"

"Ya pua."

Nilidhani ananitania kama wengine, lakini ni kweli. Nyota wao, Bwana Lucien Daubray, ni mzuri wa sura kama picha ya kalenda, na pua yake ni ndogo kama ya paka. Wanambandika pua ya nta. Ikifika saa nne asubuhi pua inalainika, saa tano inainama, saa sita iko kidevuni. Kwa hiyo inalazwa juu ya barafu, na kila robo saa wanamvua na kumvika.

Nilikwenda kwa meya. "Firmin," akaniambia, "fikiria heshima ya kijiji." Nimeishi hadi nikasikia kwamba pua ya uongo inalala kwenye barafu yangu na pua ya kweli inachemka ndani ya ghala. Tangi la saba lilikuwa thelathini na mbili jioni.

Jumamosi, 11 Septemba

Barafu mabonge matatu. Tangi la saba, thelathini na tatu na nusu.

Jumapili, 12 Septemba

Nimejaribu kuzungumza na Noélie. Ningekaa kimya ingekuwa heri.

"Carcassonne kuna majumba ya sinema, Baba. Majumba matatu. Wale wasichana watakwenda Jumapili wataiona sinema hiyo, na Jumatatu nitaingia darasani mimi."

"Mwanangu, pua haikunizuia kuoa."

"Mama alikuwa mtu mwema," akasema.

Kana kwamba ilihitajika roho ya utakatifu. Kibaya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nimelifikiria jambo hilo kwa miaka kumi na minane, na sijawahi kuthubutu kumuuliza marehemu. Nilitoka nikaenda kupima matangi ambayo nilikuwa nimekwisha kuyapima.

Jumanne, 14 Septemba

Thelathini na nne. Mawingu yalikuja yakapita. Bwana Delorge aliyashangilia yalipoondoka.

Jumatano, 15 Septemba

Noélie anatoka kila alasiri, na akirudi ananuka plasta mbichi na mafuta ya mlozi. Hajui kwamba mtu hawezi kurudi kwangu na siri ya namna hiyo. Plasta maana yake ni fundi mwashi, na mwashi pekee anayefanya kazi kijijini wiki hii anakarabati ukuta wa padri. Nikaenda kumkabili. Nimemkuta mzee wa miaka sitini na minane, hana meno, anakula mkate uliolowekwa. Nilimsalimia nikarudi zangu.

Alhamisi, 16 Septemba

Leo hakuna barafu hata bonge moja. Tangi la saba, thelathini na nne na nusu, na limeanza kutoa harufu ile nyembamba ya tofaa lililopondeka ninayoijua mimi tu. Nikachukua kulabu ya kukokotea barafu, nikaenda kwenye nyumba ya kufulia ya zamani, ambako mpambaji wao wa nyuso anafanyia kazi. Jina lake mzee Anselme, mtu mtulivu, vidole vimeingia rangi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, tena si maneno ya kanisani.

"Barafu yako ile pale, bwana," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wameileta kwa mazoea. Chukua yote, siihitaji tena."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Zile pua nilizochonga kwa mkono zilikuwa takataka, nusu siku ya kazi kila moja, ndiyo maana nilizitunza kama mayai. Sasa nina kalibu nzuri ya plasta iliyotolewa kwenye pua ya kweli. Namimina mpya kila saa moja. Ikilainika naitupa."

Akanionyesha dirishani. Kwenye ubao, zikipata upepo, zilikuwa pua sita za nta, zimepangwa mstari, zote zikinielekea mimi pale mlangoni.

Mtu anaijua pua yake. Nilizitazama nikaona si yangu, ingawa ni ndugu yake. Halafu nikaona kibonyeo. Upande wa kushoto, juu kidogo, kibonyeo cha ukubwa wa punje ya ngano. Noélie alipokuwa na miaka sita alianguka kutoka kwenye mkokoteni akagonga mdomo wa ndoo ya chuma, na mama yake akamshika mapajani huku mimi nikibana damu kwa leso. Kibonyeo hicho kilikuwepo mara sita dirishani, kwa ajili ya kuchekwa.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni pua tu, bwana."

"Nimekuuliza ni nani."

Akakaa kwenye kigoda. "Aliniomba nisiseme. Alikuja mwenyewe wiki iliyopita. Alitaka kujua kama ipo poda ya kuifanya ionekane ndogo. Nikamwambia ipo namna, mstari wa rangi nzito kila upande, nitamfundisha. Na mimi nikamwomba kalibu. Nilikuwa nimefikiria kukuomba wewe, lakini wameniambia unauma."

Niliinua kulabu. Nilitaka kuzipasua zote sita, na dirisha pamoja nazo. Kilichonizuia ni hesabu rahisi: nikizipasua, kufika mchana kijiji kizima kitauliza kwa nini, na katika Montbrézac hakuna pua ya tatu. Nikaikokota barafu yangu nikaondoka.

Cabrol alikuwa mlangoni mwa mkahawa wake na wateja wake watano, hawana kazi hata katika mavuno.

"Ee Birika! Tumeiona pua mpya ya Bwana Daubray! Yule mzee kakupiga kalibu, usifiche! Kumbe pua yako inakwenda Paris na wewe unabaki?"

Ningeweza kusema si yangu, na isingekuwa uongo.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yangu. Ina ubaya gani?"

Wakacheka hadi mmoja akashika meza. Nikaendelea kukokota.

Ijumaa, 17 Septemba

Ursule amenipakulia maharage bila soseji. "Pua ya Baba yetu! Umeitoa pua ya Baba yetu kwa wachekeshaji! Hukuona haya?" Nikala maharage. Noélie alitazama sahani yake, masikio mekundu, akaomba ruhusa kuondoka mezani.

Tangi la saba limeshuka hadi thelathini na moja. Harufu ya tofaa imeisha.

Jumapili, 19 Septemba

Padri ameniuliza kama kweli. Mwokaji ameniuliza kama kweli. Mwenyekiti wa ushirika ameniuliza kama nilitumia saa za kazi.

Jumanne, 21 Septemba

Noélie ametokea mezani bila skafu, poda usoni, na mistari miwili ya kahawia kandokando ya pua. Nilifurahi kuuona mdomo wake baada ya wiki tatu. Nilikuwa natafuta neno la kusema, lolote, na mimi si mwepesi wa maneno mazuri. Ursule akanitangulia.

"Mungu wangu, umegonga uso kwenye sufuria?"

Mtoto akainuka. Tukasikia maji yakimwagika kwenye beseni kwa muda mrefu. Aliporudi skafu ilikuwa mahali pake, akasema wazi, mbele ya sote wawili, kwamba kesho ataiandikia shule wampe mwingine nafasi yake.

Nilimwambia Ursule mambo ambayo sitayaandika, hata katika daftari la siri. Alilia. Kisha nikamwomba radhi, kisha nikajuta kumwomba. Zimebaki siku tisa.

Ijumaa, 24 Septemba

Barua haijaandikwa. Nimechungulia chupa ya wino, haijafunguliwa.

Noélie aliniletea chakula ghalani, mkate, mizeituni na jibini ya mbuzi. Hakuondoka. Alikaa juu ya pipa nikasikia kwamba anapumua kwa nguvu.

"Baba, unajua."

"Najua nini?"

"Mzee Anselme aliniambia ulikuja. Kwa nini unawaambia ni yako?"

"Kwa sababu ilikuwa yangu kwanza."

Nikampa zeituni, akala, akatema kokwa kwenye kiganja chake kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Nilikwenda kuwaangalia wakipiga picha," akasema. "Nilisimama nyuma ya lori. Kwenye kioo siku zote naiona ni kubwa tu. Kwa yule bwana nikaiona vizuri, kwa mbali. Ni pua tu, Baba. Alikuwa anawapa watu barua zao."

Nilitaka kumuuliza basi mbona hiyo skafu, lakini mara moja katika maisha yangu nikapata akili ya kufunga mdomo.

Jumapili, 26 Septemba

Leo wamepiga picha ya uwanjani, na nitaandika yote, kwa sababu kesho watakuja watu na masimulizi yao.

Baada ya misa Bwana Delorge alitupanga watu thelathini na kitu mbele ya chemchemi. Kazi ni nyepesi: mpeleka barua anakatiza uwanja na begi lake, sisi tunamcheka. Wamefunga kipaza sauti kwenye ufito mrefu juu ya vichwa vyetu. Mimi nilikataa kujipanga, nikakaa kivulini ukutani. Noélie alikuwa upande wa pili wa chemchemi na shangazi yake, skafu hadi mdomoni.

Bwana Daubray akapita. Bwana Delorge akapiga kelele, "Chekeni!"

Hakuna aliyecheka. Mwokaji alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Mke wa meya alionyesha meno. "Rudieni!" akasema Bwana Delorge. Wakarudia. Watu hawa wamenicheka miaka thelathini na saba bila kuombwa, kwenye misa, kwenye mazishi, siku ya harusi yangu, na leo wameamriwa, wamevaa nguo za Jumapili, wamesimama kama wanasubiri daktari. Mara ya tatu. Mara ya sita. Jua likapanda, pua ya Bwana Daubray ikabadilishwa mara mbili.

"Cabrol!" akaita meya. "Wewe ndiye mchekaji wetu. Waongoze."

Cabrol akajitahidi. Kikatoka kitu kikavu, kama mbuzi mwenye kikohozi.

Mara ya tisa mwongozaji akatupa kofia chini. Hapo Cabrol akaona njia ya kujiokoa. "Mleteni Birika! Mwenye mali mwenyewe! Asimame hapo karibu na pua yake, mtaona kama hatucheki!"

Wakaja wawili wakanivuta mikono. Ningeweza kuwapiga, nina mikono ya kazi. Lakini nilifikiri, acha, Firmin, wacheke wamalize, wataondoka Jumatano. Wakanisimamisha ubavuni kwa Bwana Daubray, pua na pua. Na kweli, wakacheka! Kicheko kilichonijia nakijua kila mlio wake. Bwana Delorge akaruka kwa furaha. "Hicho hicho!" Kisha fundi wa sauti akanyoosha mkono: kengele ya kanisa imeingia ndani. Inabidi kurudia.

Nilimtazama Noélie. Sikumwona pale alipokuwa.

"Tayari?" akasema Cabrol, anawapasha moto wenzake. "Jamani, mtazameni Birika alivyoikodisha pua ya ukoo..."

"Si yake."

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mahali ambapo mpeleka barua huanzia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ufito wa kipaza sauti ulikuwa juu yake, na fundi aliyevaa visikilizio aliinua kichwa kabla yetu.

"Si ya Baba, ni yangu. Niliitoa mimi. Anasema uongo ili msinicheke."

Akafungua skafu. Akaja akasimama upande wa pili wa Bwana Daubray, akageuza upande wa kushoto wa uso wake, akaweka kidole kwenye kibonyeo chake, kisha kwenye kibonyeo cha nta. Ursule alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Dada yangu alikuwa ameninyima soseji siku tisa.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu.

"Haya, chekeni," akasema Noélie. "Mmeshindwa tangu asubuhi, bwana huyu anataka kwenda kula. Bwana Cabrol, tuanzie kwako."

Alisema kama mwalimu anayemwita mtoto ubaoni. Na Cabrol, kwa mazoea ya miaka mingi, akatii. Akafungua mdomo, akajaza kifua, uso ukawa mwekundu, na akatoa ule mlio wa mbuzi, mrefu zaidi, wenye kikohozi mwishoni.

Noélie alijizuia. Niliona anajizuia. Kisha akapasuka. Alicheka uso wazi, kichwa nyuma, na Bwana Daubray akacheka hadi pua ikadondoka, na Ursule, na mwokaji, na padri pale mlangoni, na wale wateja watano wa mkahawani zaidi ya wote. Uwanja mzima ukamcheka Cabrol, naye amesimama mdomo wazi, anageuka huku na huku kutafuta ni nani anayechekwa.

"Nimekipata!" akapiga kelele Bwana Delorge, analia kwa furaha. "Kicheko kimeingia chote!"

Kwa hiyo sinema itatoka hivyo. Nchi nzima itadhani tunaicheka pua.

Jumatatu, 27 Septemba

Asubuhi watoto walipita mbele ya mkahawa wakilia meee. Nilicheka. Kisha nikamwonea huruma, lakini kwanza nilicheka. Nilipopita, Cabrol alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Firmin," akasema. Nadhani hajaniita jina hilo tangu tukiwa wadogo. "Wataacha lini?"

"Mimi bado nasubiri," nikamwambia.

Jumatano, 29 Septemba

Wameondoka. Uwanja umejaa vipande vya nta. Mzee Anselme alikuja kumuaga Noélie akamkabidhi kalibu imefungwa kwenye gazeti. Alasiri Noélie amemwomba shangazi yake sanduku la safari. Ursule alilileta mbio, akalia juu yake, akaweka ndani soseji tatu.

Alhamisi, 30 Septemba

Basi la Carcassonne, saa moja asubuhi. Ukungu. Alikuwa na koti la mama yake.

"Wakicheka je?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza. Ndivyo nilivyo.

"Watacheka, Baba. Nitawasubiri wamalize."

Aliketi dirishani, na basi lilipogeuka kona ya ghala niliiona pua yake kabla ya kumwona yeye, kama watu walivyoniona mimi maisha yangu yote. Nikapunga mkono hadi dereva akanipigia honi.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mkokoteni wa mwisho umeingia jana. Tangi la saba limetulia, ishirini na nne, na mvinyo wake ni mzuri kuliko wote. Mwenyekiti ameuliza joto la mwezi mzima liko wapi. Nimemwonyesha ubao. Ursule alikuwa amekuja kusafisha ghala, akaufuta.

Nyumbani kumetulia mno. Nyuma ya mlango wa jikoni nimekuta skafu imening'inia kwenye msumari. Nilidhani ameisahau, nikataka kukimbilia posta kuituma. Kisha nikaona imekunjwa vizuri.

Nimeinusa. Sabuni, moshi wa jiko, plasta kidogo, mafuta ya mlozi, na chini kabisa yeye mwenyewe, tangu mtoto. Pua ndogo isingepata hata nusu yake.